Kiongozi Tunayempokea na Kiongozi Tunayemchagua

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Bariadi

Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri za Walei, makatekista, wazee wa vigango, akina mama, akina baba na vijana wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo,

Kamati ya Haki na Amani imetuomba tutafakari pamoja nanyi swali moja ambalo waamini wetu huuliza mara nyingi, wengine kwa sauti, wengine kwa kunong'ona wakitoka kanisani: kwa nini sisi Wakatoliki hatumpigii kura askofu wetu? Rais tunampigia kura. Mbunge, diwani na mwenyekiti wa kijiji tunawapigia kura. Majirani zetu wa madhehebu mengine huwapata wakuu wao kwa kura za vikao vyao. Lakini sisi husikia jina limetangazwa, kisha tunaambiwa tujiandae kwa sherehe.

Swali hili ni halali, na halionyeshi upungufu wa imani. Tutajaribu kulijibu. Hata hivyo hatutaishia hapo, kwani nyuma yake lipo swali jingine lililo zito zaidi kwetu: pale ambapo tunapewa nafasi ya kusema au ya kuchagua, sisi tunaitumiaje?

1. Jinsi askofu anavyopatikana

Yafaa kwanza tujue mambo yalivyo, maana asiyejua njia hujaziwa masikio na wavumishaji.

Kanuni ya 377 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 yasema kwamba Baba Mtakatifu huwateua maaskofu kwa hiari yake, au huwathibitisha wale waliochaguliwa kihalali. Walakini Baba Mtakatifu hafumbi macho na kuokota jina. Angalau mara moja kila miaka mitatu, maaskofu wa kanda ya kikanisa hushauriana kwa siri na kuandaa orodha ya mapadre wanaofaa. Jimbo la Shinyanga limo katika kanda ya Mwanza, ambayo Askofu Mkuu wake ni wa Mwanza. Kiti cha askofu kinapokuwa wazi, Balozi wa Papa huchunguza. Huwauliza maaskofu wa kanda na Rais wa Baraza la Maaskofu, na huwasikiliza baadhi ya mapadre washauri wa jimbo. Ikionekana inafaa huwauliza pia mapadre wengine, watawa, na walei wenye hekima, kila mmoja peke yake na kwa siri. Hatimaye hupeleka Roma majina matatu pamoja na maoni yake.

Kanuni ya 378 nayo yataja sifa zinazotafutwa: imani thabiti, mwenendo mwema, uchaji, bidii kwa ajili ya roho za watu, hekima, busara na jina jema. Awe na umri usiopungua miaka 35, awe padre kwa muda usiopungua miaka mitano, na awe na elimu ya juu au ujuzi wa kweli katika Maandiko Matakatifu, teolojia au sheria za Kanisa. Someni orodha hiyo yote, hamtakuta humo kabila, ukoo wala wilaya.

Tena kanuni hiyo ya 377 yakataza kwamba serikali yoyote ipewe tangu sasa haki ya kuchagua au kupendekeza maaskofu. Kanisa limejifunza hilo kwa uchungu, kwa kuwa zipo karne ambazo wafalme wa Ulaya waliwapa rafiki zao viti vya maaskofu kama mtu agawavyo mashamba.

2. Kura si dhambi, uteuzi si ukamilifu

Tusije tukafikiri kwamba kura ni jambo la kigeni katika Kanisa. Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia jinsi nafasi ya Yuda ilivyojazwa: jumuiya ilitoa majina mawili, wakasali, kura ikamwangukia Mathia. Mtakatifu Ambrosi alipata kuwa Askofu wa Milano mwaka 374 kwa sauti ya watu, hali yeye alikuwa mtawala wa serikali na hajabatizwa bado. Baba Mtakatifu mwenyewe hupatikana kwa kura. Mwezi Mei mwaka 2025, makardinali 133, miongoni mwao Mwadhama Protase Kardinali Rugambwa wa Tabora, walijifungia katika Kanisa la Sistina na kumchagua Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne. Mtu huyo alizaliwa Chicago, Marekani, na hapo awali alikuwa Askofu wa Chiclayo katika nchi ya Peru, mbali na kwao.

Kwa hiyo hatuwacheki ndugu zetu. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilimchagua Askofu Alex Malasusa kuwa Mkuu wa Kanisa kwa kura za Mkutano Mkuu mwezi Agosti 2023. Ndugu zetu wa A.I.C. ni majirani wa siku nyingi, tangu wamisionari wa Africa Inland Mission walipokipokea kituo cha Nassa, katika Busega ya leo, kutoka kwa Waanglikana wa C.M.S. mwaka 1909. Nao wana vikao vyao na taratibu zao. Kura ina faida zake: yafanya watu waone kwamba uongozi ni mali yao. Ina na hatari zake: makundi, ahadi, fedha, na walioshindwa kujitenga. Uteuzi nao una faida zake: wamwepusha askofu na deni kwa waliompigia kampeni. Una na hatari zake, kwani mambo yafanywayo kwa siri yaweza kumsahau mtu mdogo aliye na neno la kweli.

Kanisa lenyewe linakiri hatari hiyo. Hati ya mwisho ya Sinodi iliyomalizika Roma mwezi Oktoba 2024 imeeleza hamu ya kuona Taifa la Mungu likipewa sauti kubwa zaidi katika kuwapata maaskofu. Basi wakati waja ambapo walei wengi zaidi wataulizwa. Je, tutakuwa tayari?

3. Tuliyoyaona wenyewe

Jimbo lililowalea waamini wa Bariadi, Maswa na Meatu lilianza kwa jina la Maswa, na mwaka 1956 likaitwa Shinyanga. Mwaka huohuo lilimpata Askofu Edward McGurkin, Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Mwaka 1975 alifuatwa na Askofu Castor Sekwa, aliyeliongoza hadi alipofariki mwaka 1996. Mwaka 1997 akaletwa Askofu Aloysius Balina, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Geita.

Askofu Balina alifariki mwezi Novemba 2012. Hapo kikaanza kipindi ambacho wengi wenu mnakikumbuka. Kiti kilikaa wazi zaidi ya miaka miwili, hadi tarehe 2 Februari 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alipomteua Padre Liberatus Sangu wa Jimbo la Sumbawanga. Akawekwa wakfu mwezi Aprili mwaka huohuo. Muda wote ule, katika Sala ya Ekaristi, baada ya jina la Baba Mtakatifu halikufuata jina la askofu wa jimbo. Mwamini aliyesikiliza vizuri aliusikia upungufu huo kila Dominika.

Sheria za Kanisa zinajua kwamba kipindi cha namna hiyo ni cha hatari. Ndiyo maana zinaagiza mapadre washauri wamchague msimamizi wa jimbo katika muda wa siku nane. Na kanuni ya 428 inakataza lisiletwe jambo jipya wakati kiti ki wazi, ili msimamizi asije akaliuza shamba ambalo mwenyewe hajafika.

Lakini Kanisa halikusimama. Katekista aliendelea kuongoza ibada kigangoni pasipo na padre. Jumuiya ziliendelea kukutana, wagonjwa wakatembelewa, watoto wakafundishwa. Twalisema hili si kwa kujisifu, bali ili lieleweke: uongozi wa askofu ni wa lazima kwa Kanisa, na uongozi wa yule mama anayeshika daftari la jumuiya ni wa lazima pia. Anayemngojea mkubwa huku akiacha lililo dogo, siku mkubwa afikapo atamkuta amekaa mikono mitupu.

4. Pale watu walipokataa

Mwezi mmoja tu baada ya Shinyanga kufiwa, yaani Desemba 2012, Roma ilimteua Padre Peter Okpaleke kuwa Askofu wa Ahiara, nchini Nigeria. Mapadre wengi wa jimbo lile pamoja na waamini wao wakamkataa. Hawakumshtaki kwa uzushi wala kwa wizi. Walisema kwamba hakuwa mtu wa Mbaise, eneo lao, na kwamba jimbo lao limetoa mapadre wengi ambao hawapewi nafasi. Ilibidi awekwe wakfu nje ya jimbo lake mwenyewe. Mwezi Juni 2017 Baba Mtakatifu Fransisko alimtaka kila padre wa Ahiara aandike barua ya utii katika siku 30. Hata hivyo, mwezi Februari 2018 Askofu Okpaleke alijiuzulu. Mwaka 2020 akapewa jimbo jipya la Ekwulobia, na mwaka 2022 akafanywa kardinali.

Tuyapime mambo haya bila haraka. Yawezekana kabisa kwamba katika manung'uniko ya watu wa Ahiara ilikuwapo chembe ya haki, kwani kusahauliwa kunauma. Lakini haki iliyodaiwa kwa jina la ukoo iligeuka kuwa mlango uliofungwa. Mkristo aliyefungiwa nje na kusanyiko kwa sababu ya mahali alipozaliwa amedhulumiwa, hata kama huyo ni askofu. Na waliofunga mlango nao wakabaki miaka mitano bila baba ndani ya nyumba.

Sisi tusijidhani kwamba tumesalimika. Zipo sehemu nyingi ambako swali la kwanza juu ya paroko mpya huwa, "Ni mtu wa wapi?" kabla ya kuuliza, "Ni mtu wa namna gani?" Wazee wetu walimpokea McGurkin kutoka ng'ambo ya bahari, na hawakuuliza kabila lake. Ikiwa Mmarekani alikuwa baba yetu, je, mtu wa Sumbawanga, wa Kagera au wa Kilimanjaro atakuwaje mgeni?

Hata mila yetu ya Kisukuma yatufundisha hilo. Kabla ya utemi kufutwa nchini mwaka 1963, mtemi hakupatikana kwa watu wote kujipanga foleni. Walikuwapo wazee, banang'oma, waliotafuta na kupima, na kazi yao ilifanyika kwa siri mpaka jina lilipotoka. Tena masimulizi ya koo nyingi za watemi husema kwamba waasisi wao walitoka magharibi ya Ziwa, wakapokelewa na wenyeji. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa nchi hii waliishi methali hiyo kabla hawajaisikia.

5. Barua ya siri na ulimi wetu

Sasa twafika penye jambo linalotugusa sana sisi wa Haki na Amani. Siku moja mmoja wenu aweza kupokea barua kutoka kwa Balozi wa Papa, akiulizwa juu ya padre fulani: imani yake, afya yake, namna anavyotunza fedha, anavyoishi na watu. Ataagizwa kunyamaza, na kunyamaza huko ni wajibu mzito. Je, ataandika nini?

Yupo atakayeandika sifa tupu, kwa sababu padre yule alimfungisha ndoa mwanawe. Yupo atakayeandika sumu, kwa sababu padre yule alimwondoa katika uongozi. Na yupo atakayeandika jambo alilolisikia sokoni, hakuliona wala kulichunguza. Wote watatu wamelikosea Kanisa, maana anayesoma barua ile Dar es Salaam au Roma hana macho mengine ya kuonea isipokuwa macho yao.

Katika nchi yetu ya Usukuma hatuna haja ya kufundishwa nguvu ya uvumi. Tangu miaka ya 1980 na 1990 mikoa yetu imejulikana kote nchini kwa mauaji ya vikongwe. Mama aliyepikia kwa kuni au kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini, macho yakawa mekundu kwa moshi, aliitwa mchawi. Neno lilianza kisimani, likapita kilabuni, likafika usiku mlangoni pake likiwa na panga. Hakuna aliyeshuhudia lolote, kila mmoja alisikia kwa mwenzake. Tunaposema kwamba kumchafulia mtu jina ni kosa dhidi ya haki, twasema jambo ambalo makaburi ya nchi hii yanalishuhudia. Barua ya uongo haina panga, lakini imetoka kisima hichohicho.

Pia tusigeuze siri kuwa maficho ya uovu. Aliye na ushahidi kwamba padre amemdhuru mtoto, amedhulumu au ameiba, na akanyamaza kwa heshima ya kanzu, naye amesema uongo. Ukweli una pande mbili: usiseme usilolijua, wala usifiche unalolijua.

6. Chaguzi zilizo mikononi mwetu

Wengine husema, "Kama tungepewa kura, tungechagua vizuri." Ndugu zetu, kura mnayo. Mwenyekiti wa jumuiya, kiongozi wa kigango, viongozi wa halmashauri ya parokia, hao wote hupatikana kwa mikono yenu. Hapo ndipo paonekanapo tungekuwa wachaguzi wa aina gani.

Tuangalie yanayotokea katika parokia nyingi. Msimu wa pamba ukiwa mzuri, mnunuzi au mwenye ng'ombe wengi hutoa mabati ya kanisa. Jambo hilo ni jema na Mungu ambariki. Lakini uchaguzi ufikapo hupewa kiti kana kwamba alikinunua, ingawa jumuiya hajaiona mwaka mzima. Akina mama hujaa kanisani, husafisha, huzika, hukusanya zaka, na siku ya kura hupewa nafasi ya kupika chakula cha wajumbe. Kiongozi mwingine hukaa miaka mingi hadi kiti kikafanana na urithi. Mwingine huleta kanisani rangi za chama chake, na aliye wa chama kingine hujiona hana kwao. Naye kijana akiuliza habari za mapato na matumizi, huambiwa kwamba hana heshima.

Paroko naye anabanwa na haki hii. Hana ruhusa ya kuyapindua matokeo kwa sababu aliyeshinda humuuliza habari za fedha. Kanuni ya 537 yaagiza kwamba kila parokia iwe na halmashauri ya mambo ya fedha. Haikusema iwe na ukimya juu ya fedha.

Turudi kwenye Matendo ya Mitume, sura ya sita. Pale Yerusalemu wajane wa Wakristo waliosema Kigiriki walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Lilikuwa lalamiko la haki, tena lenye harufu ya ukabila. Mitume hawakuwakemea walalamikaji. Waliiambia jumuiya iwatafute watu saba wenye jina jema, waliojaa Roho na hekima. Jumuiya ikachagua, Mitume wakaweka mikono. Ajabu ni hii: majina yote saba ni ya Kigiriki. Walio wengi walikabidhi ghala kwa watu wa upande ule uliodhulumiwa. Hapo kura na uteuzi vilikutana, na kilichoviunganisha ni kumtazama mjane aliyekosa chakula. Hicho ndicho kipimo chetu. Tunapochagua, tujiulize: aliye mnyonge kuliko wote katika jumuiya yetu atapata nini akiongozwa na mtu huyu?

7. Mambo ya kutekeleza

Tunawaomba basi mrudi vigangoni na mambo matano.

Kwanza, katika kila uchaguzi wa jumuiya, sifa zisomwe na kujadiliwa kabla jina lolote halijatajwa.

Pili, kura ziwe za siri na zihesabiwe mbele ya watu.

Tatu, mapato na matumizi yasomwe hadharani kabla ya viongozi wa zamani kuondoka, nao washukuruwe kwa walichokifanya.

Nne, mtu asiongezewe kura kwa ajili ya mali, ukoo au chama, wala asipunguziwe kwa kuwa ni mwanamke, kijana au mhamiaji.

Tano, kila jumuiya iwaombee maaskofu na wale wote wanaowachunguza watakaokuwa maaskofu, na atakayetumwa apokelewe kwa mikono miwili.

Askofu hashuki kutoka mbinguni. Hutoka katika familia fulani, katika jumuiya fulani, kwa mama aliyemfundisha ishara ya msalaba. Tukilea jumuiya za ukweli, maaskofu wa kesho watatoka katika ukweli. Tukilea jumuiya za majungu, tusimlaumu Balozi wa Papa.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika uchaguzi wetu uliopita, tulitazama sifa gani? Nani hakusikilizwa?
2. Ni maneno gani tunayoyasema juu ya mapadre na viongozi wetu ambayo hatuwezi kuyathibitisha?
3. Katika parokia yetu, ni nani anayejiona mgeni, na tufanye nini ili awe mwenyeji?
4. Mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ya jumuiya ilikuwa lini?